Pale Alipokula Mama

Hasira zangu ziko karibu, na nimezirithi kwa mama. Kwa hiyo asubuhi ile Rumaisa aliponiuliza kwa nini nagonga meza, nilimwambia kwamba ukurasa wake unadanganya watu, na nikasema kwa sauti iliyowafikia hata wauza dawa wa chini yetu.

Ofisi yetu iko ghorofani, Lanet, pembeni mwa mji wa Nakuru. Tunatengeneza tovuti za shule, za vyama vya wafugaji, za hoteli ndogo za kando ya ziwa. Mimi kazi yangu ni sura ya tovuti, yaani yale mtu anayoyaona akifungua simu yake. Rumaisa anashughulikia yale yasiyoonekana: wapi habari zimehifadhiwa na zinaitwaje zikihitajika. Ni msichana wa Bondeni, babu yake alitoka Lamu akaja Nakuru kuuza viungo, akasahau kurudi. Ni mpole sana, na upole wake huniudhi nikiwa nimekasirika.

Ziwa Naivasha lilipofurika likaingia mtaa wa Kihoto, kikundi cha watu wa kujitolea kilituomba ukurasa mmoja tu. Mtu aandike jina la ndugu yake, aambiwe amehifadhiwa kambi gani. Tulikubali mara moja, na mimi nilikuwa na sababu zaidi ya wenzangu. Dada yangu Fancy anaishi Kihoto na mumewe Ogada, ambaye anafanya kazi katika shamba la maua. Na mama yetu, Nangila, alikuwa amekuja kutoka Bungoma kumsubiri mjukuu wake wa kwanza. Alikodi chumba chake mwenyewe katika ploti ya pili kutoka kwao, akanunua kuku wa kumfanyia mzazi supu, akatulia hapo akihesabu miezi kwa niaba ya Fancy.

Maji hayakumpa nafasi ya kumaliza kuhesabu. Waliokolewa kwa boti wote pamoja, Fancy, Ogada na mama, na walipofika nchi kavu wakaandikwa kama watu wa nyumba moja. Kila mmoja akavishwa kikaratasi mkononi chenye namba yake. Wakaambiwa waende ukumbi wa kanisa. Jioni hiyo hiyo uchungu ukamshika Fancy, akakimbizwa hospitali, na kwa kuwa mtoto alikuwa amekaa vibaya, akaletwa Nakuru kwa ambulensi. Alifanyiwa upasuaji akapata mtoto msichana, mzima.

Mimi ndiye niliyekuwa naye wodini. Kitu cha kwanza alichoniuliza alipoamka ni mama yuko wapi. Nikafungua ukurasa wetu palepale kando ya kitanda, nikaandika jina la mama, na jibu likaja kabla sijapepesa macho: ukumbi wa kanisa. Nikamwonyesha. Alilala tena akitabasamu, nami nikajisikia mtu wa maana sana.

Sasa asubuhi hiyo ninayoisimulia, Fancy alinipigia simu nikiwa kazini.

"Sitati, mama hashiki simu tangu tutoke Kihoto."

"Simu yake lazima iliingia maji. Mama ako kanisani na Ogada, si nilikuonyesha?"

"Ogada amenipigia saa hii," akasema. "Ananiuliza mama anaendeleaje hapa hospitali."

Nilikata simu nikampigia Ogada.

"Shem, mama ako wapi?"

"Si mko na yeye huko Nakuru?"

"Nani alikwambia tuko na yeye?"

"Mimi nilijua alipanda ambulance na Fancy. Upande wa wamama sijaenda, shem. Sijaangalia huko hata mara moja. Wewe unajua hiyo maneno."

Naam, nilijua. Kwetu Bukusu, na kwao Wajaluo vilevile, mwanamume hamkodolei mama mkwe wake macho. Hampi mkono, hakai naye meza moja, na akimwona anakuja njiani atapata sababu ya kupita kwingine. Si chuki, ni heshima, na Ogada ana heshima ya kupita kiasi. Alikuwa amelala ukumbini usiku wa kwanza na wa pili uso umeelekea ukutani, asije akamwona mama amejifunika blanketi. Ndiyo sababu hakujua kwamba hayupo.

"Kuna kitu nilisikia tukiingia boti," akaongeza. "Alikuwa analilia kuku. Anasema kuna mmoja amebaki. Shem, kuna watu wamekuwa wakirudi huko kwa miguu kuchukua vitu vyao."

Nilipiga simu kanisani. Wakaita jina la mama kwa kipaza sauti, nikawa nasikia mwangwi wake ukumbini: Mama Nangila, Mama Nangila. Hakuna aliyeitika. Mwanamke aliyepokea simu akaniambia dawa za presha nilizomtumia mama bado ziko mezani kwake, hakuna aliyekuja kuzichukua.

Niseme wazi, niliogopa. Niliogopa mpaka nikakaa chini, halafu nikasimama tena kwa kuwa kukaa kulikuwa kubaya zaidi. Nilimwona mama ndani ya maji yale machafu yenye vyoo vya mtaa mzima, amepandisha gauni, anamwita kuku. Ni jambo ambalo angelifanya kabisa. Ndipo nilipogonga meza.

"Ukurasa haudanganyi," Rumaisa akasema. "Unajibu kile tuliuliza."

"Tuliuliza mama yangu ako wapi. Umesema ako kanisani. Hayuko kanisani. Hiyo inaitwaje kwenu?"

"Kaa chini, Sitati."

"Sikai. Naenda Naivasha."

"Nenda, lakini unaenda kutafuta wapi? Maji imejaa kote huko. Nipe dakika tu tuangalie."

Nilikuwa nimeshika funguo za gari. Lakini swali lake lilikuwa la kweli, sikujua ningeanzia wapi, nikavuta kiti nikaketi kando yake nikiwa bado nimenuna.

Inafaa nieleze, maana watu hudhani kompyuta huweka habari za mtu mahali pamoja kama nguo katika sanduku. Sivyo. Majina ya watu yako katika jedwali lake. Nyumba ziko katika jedwali jingine, na kambi katika jingine. Kinachoyaunganisha ni namba. Mtu amebandikwa namba ya nyumba yake, nayo nyumba imebandikwa namba ya kambi iliyopangiwa. Ukiuliza mtu yuko wapi, ukurasa unamshika mtu, anaupeleka kwa nyumba yake, na nyumba inaupeleka kambini. Rumaisa alikuwa ameyaunganisha majedwali hayo vizuri sana, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemsifu.

Akanionyesha kwenye skrini. Nangila. Nyumba ya Ogada. Ukumbi wa kanisa. Yote yalikuwa sawasawa kabisa.

"Sasa huyu shemeji yako," Rumaisa akasema polepole, "mimi ndio sielewi. Wako hall moja siku hizo zote na hajui kama mama mkwe yuko ama hayuko?"

"Hawezi kumwangalia. Ni adabu. Hata kule Kihoto mama alikodi chumba chake, unadhani ni kwa nini? Mama mkwe hawezi kulala chini ya paa moja na..."

Sikumaliza. Nilisikia maneno yangu mwenyewe kama yanasemwa na mtu mwingine. Rumaisa alikuwa ameacha kuandika, ananitazama.

"Hawezi kulala chini ya paa moja na nani?" akauliza.

"Na mkwe wake."

"Hata kama ni mafuriko?"

Nikamfikiria mama. Nikamfikiria amesimama mlangoni mwa ule ukumbi, ameloa, anaona Ogada anatandika mkeka. "Hata kama ni gharika ya Nuhu," nikasema.

"Basi hakulala hapo."

"Hakulala hapo hata siku moja."

Ni mimi niliyelelewa na mama huyo. Mwenye kuujua mwiko huo tangu utotoni nilikuwa mimi, si Rumaisa, na bado nilikuwa nimetazama skrini nikaamini kwamba mama amelala ukumbi mmoja na mumewe Fancy, kwa sababu tu ukurasa ulijibu upesi. Rumaisa naye hakuwa na njia ya kujua. Kwao mama mkwe huandaliwa chumba kizuri kuliko vyote.

"Sikia," akasema, na sasa yeye ndiye aliyekuwa na haraka. "Mimi nilimuunganisha mtu na kambi kupitia nyumba. Niliona watu wa nyumba moja watalala pamoja. Lakini kuna table nyingine. Hatukuitumia kwa sababu ni ya wapishi."

Nilikuwa nimelisahau kabisa jedwali hilo. Kila jioni, katika kila kambi, mtu akija kuchukua chakula husomwa namba ya kikaratasi chake, ili wapishi wajue kesho wapike kiasi gani. Namba ya mtu, si ya nyumba. Na kambi alikokula.

"Mtu hayuko pale nyumba yake imeandikwa," Rumaisa akasema. "Ako pale amekula."

Aliandika upya swali lile. Safari hii hakupitia kwa nyumba hata kidogo. Alimchukua mtu, akamuunganisha na sahani yake ya mwisho, na sahani ile akaiunganisha na kambi. Ilikuwa mistari michache tu. Mimi nilikuwa nimefumba macho, na nakiri kwamba nilikuwa naomba kwa Kibukusu, jambo ambalo silifanyi hata Krismasi.

"Sitati," akaniita. "Fungua macho."

Nangila. Jana jioni. Wali na maharagwe. Shule ya msingi.

Shule yenyewe iko juu zaidi, upande wa mjini, mbali na ukumbi wa kanisa. Nilijaribu kubonyeza namba ya mtu anayesimamia kambi hiyo, vidole vikakosea, Rumaisa akaninyang'anya simu akanibonyezea. Aliyepokea alijitambulisha kuwa Safiyo.

"Ako na sisi," akasema, baada ya kusikia jina. "Yule mama wa kuku?"

"Kuku gani?"

"Alikuja na kuku kwa kikapu. Amemfunga kwa mguu wa dawati na hataki mtu amguse. Ngoja nimpatie simu."

Nilisikia hatua, watoto wakicheza, kuku akilalamika. Kisha sauti ambayo ningeitambua hata ndani ya kaburi.

"Nani?"

"Mama, ni mimi Sitati."

"Na mbona hukunitafuta?"

Nilicheka. Nilicheka na machozi yananitoka, na Rumaisa akageuka dirishani kunipa nafasi. "Mama, tumekutafuta kanisani. Tulidhani umekufa maji."

"Kanisani nilale na Ogada?" Alikuwa amekasirika kwelikweli. "Sitati, wewe nilikuzaa na nikakufundisha. Mlitaka nilale wapi?"

Akaeleza, kwa ukali uleule, kwamba alipofika mlangoni pa ukumbi alimwona mkwe wake ameinama anatafuta mahali, akageuka kabla hajamwona, akawafuata wanawake waliokuwa wanapanda shuleni. Simu iliingia maji kwenye boti. Hakumtuma mtu kutuambia kwa sababu hakuona la kutuambia. Mtu yeyote mwenye akili timamu angejua kwamba hayuko pale.

"Fancy je?" akauliza, na ukali ukamwishia ghafla. "Walimchukua nikiwa sipo. Sijasikia neno hadi leo."

Hapo nilitambua kwamba na yeye alikuwa na hofu yake, kubwa kama yangu, na alikuwa ameibeba peke yake akiwa amekaa darasani na kuku.

"Amejifungua, mama. Msichana. Wote wazima."

Nikamsikia akiwatangazia waliokuwa karibu naye kwamba ni msichana. Kisha akasema, "Fancy amekula?"

"Amekula, mama."

"Haya," akasema. "Haya, basi. Njoo unichukue."

Kabla sijaondoka, Rumaisa alifanya jambo moja zaidi. Aliyaomba majedwali yake yamtajie kila mtu ambaye nyumba yake imeandikwa kambi moja lakini sahani yake iko kambi nyingine. Skrini ikajaa. Kulikuwa na vijana waliofuata marafiki, na mzee mmoja aliyekosana na majirani wa mkeka wake. Lakini waliobaki, ukurasa baada ya ukurasa, walikuwa wanawake wazima, na wengi wao walikuwa wamekula shuleni.

"Hawa wote ni nini?" Rumaisa akauliza.

"Mama wakwe," nikasema.

Nilipofika shuleni mchana huo niliwaona kwa macho yangu. Darasa zima lilikuwa lao. Waluhya, Wajaluo, na wengine ambao sikuwajua kabila, kila mmoja alikuwa ameuona ukumbi wa kanisa, amemwona mkwe wake ndani, akapanda kilima kimyakimya. Hawakuwa wamepanga. Walikutana tu hapo, wakawa wanapiga soga na kukaa kwa raha zao. Safiyo alikuwa anapita na simu yake, ukurasa mpya wa Rumaisa umefunguliwa, anawasomea majina ya watoto waliokuwa wakiwatafuta. Kila mara mwanamke mmoja alisimama akaja kupokea simu, na kila mmoja alianza kwa kumgombeza mtu. Sijawahi kusikia kugombezwa kulikonifurahisha namna ile. Safiyo akaniambia katika familia nyingi kule ukumbini watu walikuwa wamekwisha kulia msiba.

Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha. Nilimkumbatia, jambo ambalo hapendi mbele ya watu, na siku hiyo aliniachia. Kisha akaninyooshea kikapu. Kuku wa pili hakuwahi kumpata, akasema, maji yalikuwa yamemtangulia. Huyu mmoja angetosha.

Alilala kwangu Lanet. Asubuhi alimchinja kuku mwenyewe na akapika supu kwa utaratibu wake, bila kunisikiliza nilipomwambia saa za kuwaona wagonjwa zimekaribia. Tuliingia hospitali mchana, yeye na chupa yake ya chai iliyojaa supu, mimi nyuma yake nimebeba shuka na vitenge. Alipomwona Fancy, aliweka chupa chini, akamchukua mtoto, akamfunua uso, akamtazama kwa muda mrefu. Fancy alianza kulia, na mama akamwambia anyamaze, maziwa yataharibika, na yeye mwenyewe alikuwa analia.

Ogada alikuwa pale. Alikuwa amefika kabla yetu, bado na viatu vya matope, na mama alipotokea mlangoni aliinuka upesi akasogea hadi dirisha la mwisho wa wodi, akatupa mgongo. Mama naye alizunguka upande wa pili, kitanda kiwe katikati. Nilisimama kati yao nikashindwa nitazame upande gani.

"Shem," Ogada akaniita, macho yake yako nje, kwenye paa la jikoni la hospitali. "Muulize mama kama amekula."

Mama alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Alisikia kila neno, na Ogada alijua amesikia. Hata hivyo niligeuka.

"Mama, anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula," mama akasema, akimwangalia mtoto. "Mwambie hata kule shuleni nilikuwa nakula vizuri. Na umuulize yeye."

"Shem, anasema amekula. Anauliza wewe je."

Ogada aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha. Tangu simu yangu ya jana asubuhi mpaka nilipompigia tena kumwambia mama amepatikana, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ameingia majini Kihoto mara kwa mara, anaita jina ambalo mkwe hapaswi hata kulitamka.

"Bado," nikamjibia mimi. "Bado hajala, mama."

Mama alimrudisha mtoto mikononi mwa Fancy. Akafungua chupa, akamimina supu kikombeni mpaka juu, akatafuta paja la kuku kwa kijiko na kuliweka ndani. Kisha, bila kuinua macho, akanikabidhi kikombe, nami nikatembea hatua zile chache nikampelekea.